Vumbi la chuma ndani ya jeli: namna sumaku inavyoweza kupasha uvimbe moto

Pengine umesikia kwamba sumaku inaweza kupigana na kansere. Maneno hayo yana kweli ndani yake, lakini hapana kwa namna watu wengi wanavyofikiri. Tutazame jambo hili polepole.

1. Jeli ni kitu gani?

Unajua mafuta ya mawese: asubuhi ya baridi yanaganda, ukiyatia motoni yanayeyuka. Kuna jeli zinazofanya kinyume. Moja inaitwa polokzameri 407. Ikichanganywa na maji kwa kipimo chake, ndani ya friji iko majimaji, inapita katika sindano. Ikiingia mwilini, fasi kuna digrii 37, inaganda na kukaa pale. Haifanani na yai. Yai likiisha kuiva halirudi kuwa maji, lakini jeli hii ukiipoza inarudi.

2. Na vumbi la chuma?

Ni magnetiti, ndiyo chuma kilichoungana na oksijeni. Chembe zake ni ndogo sana: nyingine, hata ukipanga 100 000 katika mstari mmoja, zinafika milimita 1 tu. Kila chembe ni sumaku ndogo. Na kwa udogo huo, sumaku ya nje ikiondolewa, hazibaki kuvutana kama misumari iliyosuguliwa kwa sumaku.

3. Vikiwa pamoja

Chembe zikitiwa katika damu kwa maji matupu, nyingi zinachukuliwa mpaka kwenye ini na bandama. Lakini jeli ikiganda ndani ya uvimbe, inazishika pale pale, sawasawa na mchanga ndani ya ugali.

Halafu mashine inaleta nguvu ya sumaku inayogeuka mara 100 000 ao zaidi kwa sekunde moja. Chembe inaifuata kwa njia mbili: ao chembe nzima inazunguka, ao chembe inatulia na nguvu ya sumaku iliyo ndani yake inageuka peke yake. Njia zote mbili zinaleta joto. Lakini jeli iliyoganda inazuia ile ya kwanza. Kwa hiyo chembe zilizopasha vizuri ndani ya maji zinaweza kupasha kidogo ndani ya jeli. Anayezipima katika maji tu atajidanganya.

4. Kwa nini kupima ni lazima?

Joto linalotafutwa ni kati ya digrii 41 na 46. Chini ya hapo faida ni ndogo. Juu ya hapo nyama nzima ya jirani inaweza kuungua. Joto lile linaweza pia kulegeza ao kubadilisha jeli, na dawa iliyofichwa ndani yake itoke upesi zaidi.

Wazo hili si la jana. Mwaka 1957, R. K. Gilchrist na wenzake huko Chicago walipasha moto matezi ya mbwa kwa vumbi la chuma. Lakini jeli hizi zingali zinajaribiwa zaidi katika maabara na kwa wanyama.

5. Wewe ufanye nini?

— Usifunge sumaku ya redio juu ya uvimbe. Sumaku ile haigeuki-geuki, na ndani ya uvimbe hamna chembe za kupashwa. Haisaidii kitu.

— Usingoje dawa ya kesho. Uvimbe usioisha, kwenye titi, shingoni ao fasi nyingine, uonyeshe munganga ungali mdogo. Kansere nyingi zikijulikana mapema, upasuaji unaweza kuokoa maisha.