Je, Wajua? Kima wa Sanje na Njia za Udzungwa

Je, wajua ya kuwa kima wa Sanje, mnyama asiyepatikana popote ulimwenguni ila katika milima ya Udzungwa, hakutambuliwa na wataalamu hadi mwaka 1979, ilhali wenyeji walikuwa wakiisikia sauti yake tangu zamani?

• Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, iliyoasisiwa mwaka 1992 kaskazini mwa Ifakara, haina barabara za magari msituni. Kila mgeni, awe tajiri au fukara, hana budi kwenda kwa miguu.

• Maporomoko ya Sanje hushuka kwa vidato vitatu, yapata mita 170. Aketiye kileleni, uso umelowa manyunyu, huyatazama mashamba ya miwa yaliyotandazwa bondeni. Naye asiyejimudu kupanda milima ana njia fupi na nyepesi kutoka Mang'ula, iendayo hadi maporomoko ya Prince Bernhard.

• Katika msitu wa Magombera, chini ya milima hiyo, mtafiti alimkuta nyoka amembana kinyonga kinywani. Nyoka akashtuka, akamtema. Kinyonga yule alikuwa wa aina isiyojulikana kwa sayansi, na mwaka 2009 akapewa jina la msitu huo.

• Masika yaingiapo, mito ishukayo milimani hufurika, na uwanda wa Kilombero hugeuka mfano wa ziwa. Tangu mwaka 2002 bonde hili limo katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa: amana iliyo juu yetu sote kuihifadhi.