Lubumbashi: Kutoka karoseri ya gari hadi bawa la ndege, njia inapita kwenye mizani

Fundi wa karoseri anayejua kuziba gari lililopasuka kwa kitambaa cha nyuzi za kioo na rezini tayari ana nusu ya ufundi wa kuunda ndege ndogo. Nusu inayobaki ndiyo inayoamua kama rubani atarudi chini mzima. Kwa vijana wa Kamalondo, komine inayojulikana zaidi kwa uwanja wa TP Mazembe, tofauti hiyo inafaa kueleweka mapema.

Ndoto hiyo si ngeni katika ukanda huu. Mwaka 2011, mjini Kampala, Chris Nsamba na vijana wa kujitolea walikuwa wakiunda ndege uani nyumbani. Nchini Kenya, Gabriel Nderitu, mtaalamu wa kompyuta, alitumia miaka akijaribu kuunda ndege zake mwenyewe.

Aliyefungua njia ya nyuzi za kioo kwa watu wa kawaida ni Burt Rutan wa Marekani. Ndege yake VariEze iliruka mara ya kwanza mwaka 1975. Bawa lake lilichongwa kwa povu gumu, kisha likafunikwa kwa kitambaa cha kioo na rezini ya epoksi, bila kalibu yoyote.

Kalibu inahitajika pale umbo lilelile linaporudiwa, kama kifuniko cha injini. Kwanza fundi anachonga mfano kwa mbao au povu, anausugua hadi ung'ae, anaupaka nta mara kadhaa. Juu yake anajenga kalibu nene, yenye mbavu za mbao ili isipinde. Kalibu ikishakauka na kutolewa, kipande cha ndege kinatengenezwa ndani yake. Kila kasoro ya mfano itaonekana kwenye kipande.

Hapa mazoea ya garaje yanaweza kudanganya. Kazi ya karoseri hutumia sana rezini ya poliesta, ambayo huyeyusha povu jeupe la kufungia televisheni. Epoksi hailidhuru, lakini sehemu zake mbili lazima zipimwe kwa mizani kama mtengenezaji alivyoandika. Kuongeza kigumishi ili ikauke haraka kunaiharibu. Baridi ya usiku wa mwezi wa sita na wa saba nayo huichelewesha kukauka.

Rezini nyingi haimaanishi nguvu nyingi. Kinachobeba mzigo ni kitambaa. Rezini inakishika tu. Mafundi wengi wa kazi ya mkono hulenga uzito wa rezini usiopita ule wa kitambaa. Lubumbashi iko zaidi ya mita 1,200 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na ndege nzito inahitaji njia ndefu zaidi ili ipae.

Jua pia ni adui. Epoksi nyingi za kukauka bila tanuri huanza kulainika kati ya nyuzi joto 60 na 80, na bawa la rangi nyeusi juani linaweza kufika huko. Ndiyo maana ndege nyingi za nyuzi za kioo hupakwa rangi nyeupe.

Kuna pia afya ya fundi. Vumbi la kioo linaumiza mapafu, na kigumishi cha poliesta kikiingia jichoni kinaweza kupofusha. Barakoa, miwani na glavu ni vifaa vya kazi kama brashi.

Kuruka ni suala la sheria. Sheria nambari 10/014 ya tarehe 31 Desemba 2010 ndiyo inayosimamia usafiri wa anga nchini Kongo, na ndege lazima iandikishwe na kupata cheti cha kuruka.

Kwa hiyo mwanzo mzuri ni kifuniko cha gurudumu, si bawa. Kila siku ya kazi, fundi atengeneze pia kipande kidogo cha majaribio kwa rezini ileile, aandike vipimo daftarini, kisha akivunje. Kikivunjika mapema kuliko kilivyopaswa, hasara ni kitambaa kidogo tu.