Habu ya USB Kiwandani: Hesabu Ampea Kabla ya Matundu

Mwaka 1996, kampuni kadhaa za teknolojia, zikiwamo Intel, Microsoft, IBM, Compaq na NEC, zilitoa kiwango cha USB kwa lengo la kuwaondolea watumiaji wa kompyuta za mezani usumbufu wa plagi za kila namna, maana wakati huo kipanya kilikuwa na tundu lake, kibodi lake na printa lake. Kiwango hicho kilibuniwa kwa ajili ya meza ya ofisini, penye umeme tulivu, kebo fupi na mtu aliyekaa karibu, awezaye kuchomoa kifaa na kukichomeka upya pindi kinapogoma. Kwa urahisi wake, hata hivyo, USB ilihamia viwandani, na leo mizani ya kupimia magunia, skana za misimbopau, printa za lebo na kamera za ukaguzi huunganishwa kwa plagi zilezile za ofisini, mahali ambapo mota huwaka na kuzimika kutwa nzima, vumbi halikomi na fundi yuko upande wa pili wa jengo.

Kompyuta za viwandani huwa na matundu machache ya USB kuliko vifaa vinavyosubiri kuunganishwa, na hapo ndipo habu inapohitajika. Habu ni kifaa kinachopokea kebo moja kutoka kwenye kompyuta na kuigawa katika matundu manne, saba au zaidi, huku kila kifaa kikitambuliwa na kompyuta kana kwamba kimechomekwa moja kwa moja. Wanunuzi wengi huichagua kwa kuhesabu matundu na kulinganisha bei, jambo linaloeleweka kwa habu ya nyumbani. Kwa kazi ya kiwandani kipimo hicho hakifai, kwa sababu habu ya kiwandani ni kifaa cha umeme kwanza, na sehemu kubwa ya kinachoitwa hitilafu ya kompyuta au ya programu huanzia kwenye namna inavyolishwa umeme.

Kuna habu za aina mbili kwa upande huo. Aina ya kwanza haina chanzo chake cha umeme, hivyo hutegemea kile inachopewa na kompyuta kupitia kebo, yaani volti 5 na, kwa USB 2.0 ya mwaka 2000, mkondo usiozidi miliampea 500. Habu yenyewe hutumia sehemu ya mkondo huo, na kwa mujibu wa kanuni za USB 2.0 kila tundu lake linaruhusiwa kutoa miliampea 100 tu. Kiasi hicho kinatosha kipanya na kibodi, lakini skana yenye mwanga mkali au kamera ikichomekwa, volti hushuka na vifaa vyote huanza kupotea na kurudi bila mpangilio. Aina ya pili ina chanzo chake chenyewe, na kila tundu linaweza kutoa miliampea 500 kwa USB 2.0, au 900 kwa USB 3.0 iliyotoka mwaka 2008. Kiwandani aina ya kwanza haina nafasi, isipokuwa kwa fundi anayetembea na kompyuta mpakato kupima mashine.

Hata aina ya pili ina mtego wake. Habu ya matundu saba ya USB 3.0, kila tundu likitumika kikamilifu, inahitaji ampea 6.3 kwa volti 5, ambazo ni wati 31.5, ilhali ndani ya maboksi mengi ya dukani hukutwa adapta ya volti 5 na ampea 2, yaani wati 10. Ampea hizo mbili zikigawanywa kwa saba, kila tundu hupata chini ya miliampea 300. Muuzaji hajasema uongo aliposema matundu ni saba. Alichonyamazia ni kwamba hayawezi kufanya kazi yote kwa pamoja. Ndiyo maana hesabu ya kwanza ya mnunuzi ni kuorodhesha vifaa vitakavyounganishwa, kusoma kwenye kibandiko cha kila kimoja mkondo kinachovuta, kujumlisha, kisha kuongeza walau robo kwa ajili ya kifaa kitakachoongezwa baadaye, kwa kuwa kiwandani hakukosekani kifaa cha kuongezwa.

Katika paneli za viwandani, umeme wa kulishia vifaa vya udhibiti kwa kawaida ni volti 24 za mkondo mnyoofu, yaani umeme wa aina ya betri usiobadili mwelekeo, unaotolewa na kigeuzi kinachopokea volti 230 au 240 za gridi. Habu iliyotengenezwa kwa mazingira hayo hupokea volti hizo kupitia vibanio vya skrubu, ambavyo havichomoki kwa mtikisiko kama kijiti cha adapta, na ndani yake huzishusha hadi 5. Ushushaji huo hupoteza kiasi fulani cha umeme kama joto: habu inayotoa wati 31.5 kwa ufanisi wa asilimia 85 huvuta takriban wati 37, sawa na ampea 1.5 hivi kwa volti 24, na chanzo chake hakipaswi kufanya kazi ukingoni mwa uwezo wake, hivyo cha wati 60 ndicho kinachofaa. Kati ya chanzo na habu huwekwa fyuzi, na ni vyema habu iwe na kinga dhidi ya waya wa chanya na wa hasi kubadilishwa nafasi, kosa ambalo halimwepuki hata fundi hodari anayefanya kazi usiku kwa mwanga wa tochi.

Jambo la kuangaliwa zaidi kwenye maelezo ya habu ni upana wa volti inazokubali. Mahali panapotumia sola na betri za asidi, kama ilivyo katika vituo vingi vya mashambani Afrika Mashariki, mfumo unaoitwa wa volti 24 hauko kwenye 24 muda mwingi: betri zikikaribia kuisha hushuka hadi volti 21 hivi, na zinapochajiwa kwa nguvu hupanda hadi karibu 29. Habu iliyoandikwa kwamba inapokea volti 24 bila kutaja mipaka inaweza kuungua mchana wa jua kali, wakati ambapo kila mtu anaamini umeme ni mzuri. Habu yenye mipaka ya volti 7 hadi 40, kwa mfano, hustahimili hali hiyo na hata kushuka kwa ghafla kwa volti mota kubwa inapoanza kuzunguka.

Kuna kosa jingine linalojirudia kila gridi inapokatika na jenereta kusubiriwa. Kompyuta huwa imeunganishwa kwenye UPS, yaani kifaa chenye betri kinachoshika umeme kwa dakika chache, lakini adapta ya habu imechomekwa kwenye soketi ya ukutani. Umeme ukikatika kwa sekunde mbili kompyuta haioni kitu, ilhali mizani, skana na printa hupotea zote kwa mpigo, na programu inayozisubiri hukwama hadi izimwe na kuwashwa upya. Lawama humwangukia mwandishi wa programu. Habu na kompyuta inayoihudumia zinapaswa kulishwa na chanzo kimoja cha akiba, tena chenye uwezo wa kuzibeba zote mbili.

Umeme ukishafika kwenye habu, bado una safari ya kwenda kwenye kifaa, na kebo nyembamba huumaliza njiani. Kwenye ganda la kebo nyingi za USB huchapishwa namba za unene wa nyaya kwa kipimo cha Kimarekani cha AWG, ambacho namba yake inapokuwa ndogo waya huwa mnene zaidi. Waya wa namba 28, wenye kipenyo cha milimita 0.32 hivi, una ukinzani wa takriban ohmu 0.21 kwa kila mita. Kebo ya mita 5 ina mita 10 za waya kwa kwenda na kurudi, hivyo ukinzani wake ni kama ohmu 2.1, na kifaa kinachovuta miliampea 500 kitapoteza zaidi ya volti 1 njiani, na kubaki na chini ya 4. Nyaya za umeme zikiwa za namba 20, upotevu huo hushuka hadi chini ya volti 0.2. Fundi mwenye kipimavolti anaweza kulithibitisha hilo mara moja kwa kupima volti upande wa kifaa wakati kinafanya kazi, kwa kuwa kipimo kinachochukuliwa kifaa kikiwa kimezimwa kitaonyesha volti 5 safi na kumpotosha.

Mita 5 ndiyo kikomo cha kebo ya kawaida ya USB 2.0, na kwa USB 3.0 ni busara kutovuka mita 3. Kebo hizo hazipaswi kulazwa sambamba na nyaya za mota au za vifaa vinavyodhibiti mwendo wake, kwa sababu kila kontakta, yaani swichi kubwa inayovutwa kwa sumaku, inapoachia hurusha mshtuko wa umeme unaoweza kuingia kwenye kebo ya jirani. Hatari isiyoonekana zaidi ni ya waya wa ethi. Mizani iliyopokea umeme kutoka paneli moja na kompyuta iliyopokea kutoka paneli nyingine huwa na ethi zisizolingana kabisa, na USB inapoziunganisha, mkondo hupita kwenye kebo ambayo haikukusudiwa kuubeba. Dawa yake ni habu yenye utengano wa kiumeme, ambayo data huvuka ndani yake bila nyaya za pande mbili kugusana. Habu hizo ni ghali na hazihitajiki kila mahali, lakini palipokwisha kuungua tundu la kompyuta kwa njia hiyo, kuendelea kubadilisha kompyuta ni ghali zaidi. Kinga dhidi ya umemetuamo, ule umeme unaojikusanya kwenye nguo na mikanda ya kusafirishia bidhaa, ni suala jingine, na habu nzuri hutaja kwamba imepimwa kwa kilovolti 8 za mguso na 15 za hewani.

Kasha la chuma huwavutia wanunuzi kupita kiasi. Chuma husaidia kuzuia mwingiliano wa mawimbi na kutoa joto, lakini matundu yakiwa wazi, vumbi la saruji au unga litaingia vilevile. Kinachosema ukweli ni alama ya IP yenye tarakimu mbili, ya kwanza ikieleza kinga dhidi ya vitu vigumu na ya pili dhidi ya maji: habu nyingi za chuma ni IP20 au IP30, zinazozuia kidole au bisibisi na hazizuii tone hata moja, ilhali IP65 huzuia vumbi lote na maji ya mpira. Kwa kuwa habu za IP65 ni chache, njia ya kawaida ni kuifunga habu kwenye reli ya chuma ya milimita 35 ndani ya paneli iliyozibwa vizuri, kisha kukubali kwamba joto la ndani ya paneli hiyo litapanda juu ya lile la nje. Mombasa, Tanga au Dar es Salaam, paneli iliyopigwa na jua inaweza kuvuka nyuzi 50, ambazo ni ukomo wa habu nyingi za ofisini, wakati za viwandani huandikwa kustahimili hadi nyuzi 70 au 85. Hewa ya chumvi ya pwani nayo hushambulia migusano ya plagi, na katika vyumba vya baridi vya kufungashia maua umande hutengeneza kutu ileile. Plagi bapa ya USB haina kishikizo, hivyo habu yenye nafasi ya skrubu ya kuifunga plagi ina thamani kubwa kwenye mashine inayotikisika.

Kuhusu kasi, mengi yanayotangazwa hayana uzito hapa. Skana, mizani na vigeuzi vya RS-232, yaani viunganishi vya zamani vya pini 9, hufanya kazi kwa megabiti 12 kwa sekunde au chini yake, na habu ya USB 3.0 haiviongezei chochote, isipokuwa kamera zipo. La kuuliza ni kama habu ina kitafsiri kasi kimoja kinachotumiwa na matundu yote, au kila tundu lina chake, kwa maana vifaa vingi vya polepole vikibanana kwenye kitafsiri kimoja huchelewesheana data.

Sifa inayookoa muda mwingi kuliko zote ni uwezo wa kukata na kurudisha umeme wa tundu mojamoja kwa amri ya kompyuta. Skana iliyoganda saa nane usiku hurudishwa kazini na programu bila mtu kupanda ngazi. Zipo habu zinazotangaza uwezo huo na kuishia kukata data huku volti 5 zikiendelea kutoka, kwa hiyo ni lazima ijaribiwe kwa kipimavolti kabla ya malipo kukamilika. Matundu yanayobaki wazi yazibwe kwa vifuniko au yafungwe kwa programu, la sivyo yatageuka vituo vya kuchajia simu, na simu moja yaweza kudai ampea 1.5 kutoka kwenye bajeti iliyopigwa kwa ajili ya mizani.

Kifaa kikiwa mbali zaidi ya mita 10, ni afadhali kuachana na USB na kutumia kebo ya mtandao, ambayo hufika mita 100. Kwa vilivyo karibu, mnunuzi adai karatasi ya vipimo kabla ya kutoa fedha na asome mistari mitatu: mipaka ya volti za kuingia, jumla ya mkondo wa kutoka kwa matundu yote kwa pamoja, na kiwango cha joto. Habu isiyotaja hata mmoja kati ya hiyo iachwe dukani, hata kama inauzwa nusu bei.