Mbele ya kununua ordinateri ingine, tuulize ile ya zamani namba yake

Ordinateri ya koperativi yetu ya kakao, hapa kando ya Beni, ni mashini ya zamani. Ndani yake iko prosesa ya Intel ya mwaka 2011. Tangu siku fundi aliiwekea Windows 10 upya, maandishi yakawa makubwa kama tangazo la ukutani. Katika tablo ya wanamemba tuliona majina na kilo tu. Safu ya "imelipwa" ilibaki nje ya ekrani. Siku ya malipo, kidogo tu tungelipa mama mmoja mara mbili, na feza ya mwenzake ingekosekana. Watu wakaanza kunong'ona.

Mmoja wetu akasema ekrani imekufa. Mwengine akasema tununue mashini mpya ku Butembo, na feza za msimu. Lakini kakao ikianza kuoza, hatukimbilii dawa: tunapasua tunda, tunaangalia. Tukafanya vile vile.

Ugonjwa ulikuwa huu: piloti ya picha ilikosekana. Piloti ni programu ndogo inayoonyesha Windows namna ya kuongoza kifaa fulani. Ikikosekana, Windows inatumia piloti ya kuazima: picha inaonekana, lakini kubwa na nzito.

Namna tulivyofanya

1. Kwanza, tulinakili tablo zote ku fulashi. Feza za watu haziwekwi mahali pamoja tu.

2. Tulibonyeza kitufe cha Windows pamoja na X, tukachagua "Gestionnaire de périphériques", kisha "Cartes graphiques". Pale iliandikwa "Carte graphique de base Microsoft". Ukiona maneno hayo, ujue piloti yenyewe haiko.

3. Tulibonyeza jina hilo kwa kitufe cha kuume, tukaenda "Propriétés", kisha "Détails", tukatafuta namba za utambulisho wa kifaa. Namba inayofuata VEN ni ya kiwanda: 8086 ni Intel, 10DE ni NVIDIA, 1002 ni AMD. Inayofuata DEV ni ya karti yenyewe. Yetu ilikuwa VEN_8086 na DEV_0116. Tukaiandika ku daftari.

4. Tuliangalia kama Windows yetu ni ya 32 ao ya 64. Piloti ya 64 haiingii katika Windows ya 32.

5. Tuliunganisha simu, tukafungua Windows Update, ikaleta piloti. Tukazima mashini, tukawasha tena. Safu zote zikarudi.

Kama Windows Update haileti kitu, tafuteni ku saiti ya kiwanda cha ordinateri, kwa modeli iliyoandikwa chini ya mashini, ao ku saiti ya kiwanda cha karti.

Tuliteleza wapi

Mbele ya hayo yote, tulishusha programu moja iliyoahidi "piloti zote bure". Ilikula mega zetu zote, kisha ikaomba malipo. Tuliifuta. Programu za namna hiyo zinaweza kuleta hata virusi.

Leo ile namba imebandikwa nyuma ya ordinateri, na nakala ya piloti iko ku fulashi, ndani ya sanduku la kasa. Siku ya malipo iliyofuata, kila mwanamemba aliitwa ku ekrani, akasoma mwenyewe: jina, kilo, imelipwa. Na nyinyi, namba ya mashini yenu munaijua?