Ililala Ikitazama Wapi?

Katika gereji za jua kali za Embu na Meru hakuna anayegusa gari kabla ya salamu. Dereva akishuka, hata kama amebeba ndizi zinazoiva saa hiyo hiyo, husalimu kwanza wote waliopo, huulizwa habari za nyumbani na za mvua, kisha husogezewa ndoo iliyopinduliwa aketi. Ndipo mzee wa gereji huuliza swali ambalo mgeni hudhani ni la mzaha: "Ililala ikitazama wapi?"

Swali hilo si la mzaha. Nchi yetu yote imeinama. Juu ni Mlima Kenya, chini ni Mbeere na Tharaka, na hakuna uwanja wa kulaza lori usio na mteremko. Lori la dizeli likilala pua ikitazama mlima, injini huwa juu na tangi chini. Kama kuna mahali hewa inapenya, mafuta yaliyomo kwenye paipu hurudi tangini polepole usiku kucha. Asubuhi starta inazungushwa hadi betri inachoka. Lori hilo hilo likilala pua ikitazama Mbeere, huenda likawaka bila taabu. Kwa hiyo mzee akishajibiwa, nusu ya ugonjwa ameujua na bado hajainuka kwenye kiti chake.

Msimu wa mvua uliopita nilishinda kutwa nzima katika gereji moja ya Embu mjini. Lori la ndizi kutoka upande wa Nkubu lilikuwa limevutwa hadi hapo tangu alfajiri. Lilikuwa Isuzu ya zamani iliyopitia mikono ya wenyewe watatu, na kila mmoja alikuwa ameacha kiraka chake chini ya chesisi. Kutoka tangini ilianza paipu ya chuma yenye kutu, ikaungwa kwa mpira, mpira ukaungwa kwa kipande cha shaba, shaba ikapita juu ya gia boksi na kuzunguka karibu na egzosi kabla ya kuifikia pampu ndogo inayovuta mafuta. Mahali fulani klipu ilikuwa imekatika, na badala yake pamefungwa ukanda wa tyubu ya baiskeli. Nilihesabu jointi 11.

Ajabu ni kwamba chini ya lori palikuwa pakavu, hakuna hata tone. Dereva aliapa kwamba paipu ni nzima. Mzee alicheka kidogo tu. Kati ya tangi na pampu ndogo mafuta hayasukumwi, yanavutwa. Tundu likiwa upande huo mara nyingi halitoi dizeli, linaingiza hewa. Ukiona tone, mara nyingi tundu liko mbele ya pampu, ambako mafuta yanasukumwa. Ili kumridhisha dereva, fundi alichomoa mpira wa kuingilia kwenye pampu, akautumbukiza mwingine ndani ya mtungi wa dizeli safi ulioninginizwa kwenye mlango wa kebini, akatoa hewa, injini ikawaka na kutulia. Basi injini haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa ile safari ndefu ya mafuta.

Hapa ndipo desturi ilipoanza kuonekana. Kijana mmoja, mwaka wake wa pili gerejini, alitambaa chini na msumeno wa chuma.

"Mzee, hii tukate?"

"Inatoka wapi na inaenda wapi?"

Kijana akaonyesha kwa kidole.

"Hujaijua bado. Ifuate kwa mkono."

Akaifuata kwa mkono, inchi kwa inchi, akitaja kila jointi kwa sauti, huku wenzake wakinyamaza. Kukata ni kazi inayotolewa kwa ruhusa, kwa kuwa paipu ikishakatwa hairudi kuwa nzima. Mwaka wa kwanza mwanafunzi huosha vyuma na kuleta spana kwa namba bila kutazama mara mbili. Baadaye huaminiwa kumwaga tangi, kisha kupiga pampu ya mkono. Zamani kijana wa Kimeru aliyetoka jandoni aliingia gaaru, nyumba ya vijana mashujaa, akafundwa na waliomtangulia kwa rika, si na baba yake. Sisemi gereji ni gaaru. Gaaru ilikuwa na viapo na siri ambazo hakuna spana inayozifungua. Ila kufundwa na aliyekutangulia kidogo, mbele ya mzee anayesema machache, kumebaki. Wachache hufika kwenye mtihani wa gredi wa NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, wakapata karatasi. Wengi karatasi yao ni dereva anayewauliza kwa jina.

Paipu ile yote ilitolewa. Badala yake ukawekwa mpira mmoja wa mafuta, usio na kiungo ila kwenye kichujio cha maji, ukapitishwa ndani ya chesisi upande ulio mbali na egzosi na waya wa betri, ukafungwa kwa klipu kila baada ya hatua fupi ili usisuguke. Washa za shaba za pampu zikabadilishwa. Jointi zikabaki 4: ya tangi, mbili za kichujio cha maji, na ya pampu.

Kijana akaona raha ya kupunguza, akataka kuendelea. Kichujio cha maji nacho kitoke, akasema, zibaki 2. Na paipu ya kurudisha mafuta tangini izibwe, ya nini?

Mzee alikataa, na sababu yake aliieleza kwa hadithi ya Mbwaa. Wazee wa Ameru husimulia kwamba watu wetu walitoka Mbwaa, kisiwa ambacho baadhi ya watafiti wanakiweka karibu na Manda, Lamu, walikoonewa na Nguo Ntune, watu wa nguo nyekundu. Miongoni mwa mitihani waliyopewa ni kutoa tunda ndani ya shimo bila kulichoma. Wakamimina maji, tunda likaelea hadi juu. "Dizeli ni lile tunda," mzee akasema. Lita ya dizeli ina uzito wa gramu 840 hivi, ya maji 1,000. Maji yakiingia tangini hukaa chini kabisa, na mara nyingi paipu huvutia karibu na huko huko. Bila kichujio yanafika kwenye pampu kubwa inayosukuma mafuta na kwenye nozeli, na vyuma hivyo hulainishwa na dizeli yenyewe. Ile paipu ya kurudi nayo huondoa mafuta ya ziada, joto na vipovu vya hewa. Ukiiziba umeufungia ugonjwa ndani.

Sitawapaka wasomaji mafuta kwa mgongo wa chupa: si gereji zote zina mzee wa namba hiyo. Wapo wanaovua vichujio ili gari liondoke tu, hasa linapobeba miraa ya Maua au muguka wa Mbeere, majani yanayopoteza bei siku moja hadi nyingine. Dereva wa mzigo huo hana subira, na fundi mwoga humtii. Dizeli nayo iliwahi kuchakachuliwa kwa mafuta ya taa hadi serikali ikaweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta hayo ya taa mwaka 2018. Mafuta ya taa hayalainishi kama dizeli. Kumvulia kichujio mtu wa barabara ya Embu hadi Meru naona ni dhuluma. Kati ya Runyenjes na Nkubu unashuka na kupanda Thuci, Nithi na Mutonga, na lori lililokosa mafuta katikati ya mlima hupoteza nguvu za usukani, na kompresa ya upepo wa breki nayo husimama.

Kutoa hewa waliachiwa wadogo. Mmoja alipiga pampu ya mkono, mwingine akilegeza skrubu ya filta, povu likatoka, likapungua, mpaka dizeli ikatoka nyororo bila kipovu. Kisha spana namba 17 kwenye nati za nozeli, starta ikizungushwa, dizeli ikirukia mikono ya shati. Lori likakohoa moshi mweupe, likashika.

Paipu ya zamani ilitiwa kwenye gunia, vipande vyote, akakabidhiwa dereva ampelekee mwenye lori. Hiyo ni kanuni: kilichotolewa garini si cha gereji, na mwenye mali ana haki ya kukihesabu. Dereva akalipa nusu. Nusu ya pili, kwa desturi ya pale, husubiri usiku mmoja.

Ndizi zikahamishiwa lori jingine jioni hiyo. Lile Isuzu likasukumwa hadi mteremko ulio nyuma ya gereji, likalazwa pua ikitazama mlima. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi dereva alizungusha ufunguo mara moja, akashuka, akalipa salio.