Je, Wajua? Kantangaze hawaishi kwa nyanya pekee

Nondo wa kantangaze, aliyetoka Amerika Kusini na kuonekana Kenya na Tanzania mwaka 2014, hutaga mayai kwenye jani la nyanya. Kiwavi akianguliwa hujichimbia ndani, akala nyama iliyo kati ya ngozi mbili za jani, kisha mara nyingi hushuka udongoni kugeuka pupa. Penye joto, yote hayo huweza kuisha kwa mwezi mmoja hivi. Wapo wasemao dawa inatosha kummaliza. Lakini kiwavi aliyejificha hivyo hafikiwi kwa urahisi, na usugu wake dhidi ya dawa umethibitika katika nchi kadhaa. Kosa kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni kung'oa nyanya na kupanda biringanya au viazi mviringo, huku mnavu ukiachwa mpakani: mimea hiyo, ya jamii moja na nyanya, humlisha vilevile. Mahindi hayamlishi.