Hasira hizi anapelekewa nani?

Vijana wengi wa sekondari za Handeni na Korogwe walikutana na ushairi wa kisasa darasani, kupitia Wasakatonge ya Mohammed Seif Khatib, diwani iliyotoka mwaka 2003. Mapenzi yamo, hasira zimo. Nakala niliyonayo imepita mikono mingi. Pembeni ya shairi la mahaba kuna mwandiko wa penseli: "dhamira, mapenzi ya kweli". Pembeni ya shairi la wavuja jasho: "dhamira, ukombozi". Mwenye penseli alikuwa na mtihani mbele yake, simlaumu. Ila swali langu kwa washairi wa leo limeanzia hapo, kwamba mapenzi yao nayaelewa na hasira zao zinanipita.

Kwa mapenzi, nawapa haki yao. Shaaban Robert, aliyepata kuwa karani wa forodha hapo Pangani, alipofiwa na mkewe Amina alimlilia kwa vina na mizani, na mpaka leo shairi lile linawatoa watu machozi. Lakini mapenzi ya siku hizi, ya simu isiyopokelewa, ya nauli kutumwa Mkata na mgeni asitokee, yana kukatikakatika kwake. Mstari mfupi unayafaa. Mshairi anaanza kusema, anasita, anaacha. (Mengine, nakiri, siwezi kuyasoma kwa sauti mama mkwe akiwa sebuleni.)

Zamani ugomvi ulikuwa juu ya umbo. Amri Abedi alichapisha sheria za kutunga mashairi mwaka 1954, na miaka mitano baadaye chama cha washairi, UKUTA, kikaanzishwa. Euphrase Kezilahabi alipotoa diwani yake Kichomi mwaka 1974, akiwa ameviweka vina kando, wapo waliosema huo si ushairi. Ugomvi ule umenichosha. Shairi lisilo na vina linaweza kuwa zuri na lenye vina likawa porojo.

Shida yangu ni hasira isiyo na anwani. Nafungua diwani moja baada ya nyingine, nakuta "wao" wametudhulumu, "wao" wamekula, "wao" wamenenepa. Wao kina nani? Wamekula nini, wapi, lini? Mshairi anapiga kelele, lakini aliyemkosea akilisoma shairi hilo atapiga makofi pamoja nasi, kwa kuwa halimgusi.

Mlinganishe na Abdilatif Abdalla. Alifungwa Kenya mwaka 1969 kwa sababu ya waraka wake, "Kenya: Twendapi?", akatoka mwaka 1972, na mwaka uliofuata ikatoka diwani yake, Sauti ya Dhiki. Mashairi yale ya jela yana vina na mizani barabara, na hasira yake ni kali kuliko ya wengi waliojipa uhuru wa kuandika watakavyo. Hata anapoficha, kama katika shairi lake la "Mamba", msomaji anajua mamba ni nani. Sisi tunaoishi kando ya mto Pangani hatuhitaji kuelezwa tabia za mnyama huyo.

Na huku kwetu hasira zenye anwani hazijapungua. Toka Korogwe uelekee Ngombezi au Magunga, utaona mkonge. Mashamba haya yaliendeshwa kwa jasho la manamba, watu walioletwa kutoka Kigoma, Songea, Ruanda-Urundi na kwingineko, wengi wao kupitia SILABU, ofisi ya wenye mashamba iliyoanzishwa mwaka 1944. Walipewa namba, jina likabaki nyuma. Kazi ilikuwa kukata majani, kuyafunga matita, matita yahesabiwe, na asiyetimiza hesabu, siku yake haikuandikwa kwenye kipande, yaani kadi yake ya kazi. Azimio la Arusha la mwaka 1967 likaja, mashamba mengi yakawa ya umma. Baadaye bei ikaanguka, mitambo ikasimama, watu wakabaki na nyumba za kambi. Wajukuu wao wapo hapa, wanauza machungwa na maji kwenye mabasi Segera.

Shairi la hasira lingeweza kuandikwa kwa kipande kimoja tu cha kazi, chenye siku zilizotiwa alama na siku zilizoachwa tupu. Lisingehitaji hata neno "dhuluma". Badala yake kijana wa Handeni, ambaye babu yake alikata mkonge, ananiletea ukurasa mzima wa "minyororo" na "mabeberu", maneno aliyoyatoa kwenye kitabu cha kiada. Mapenzi ameyaandika kama mtu aliyependa, ila hasira ameiandika kama anajibu swali la mtihani.

Vijana wa Handeni na Korogwe mnaoandika: Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu imekuwa na kipengele cha ushairi tangu awamu yake ya kwanza, iliyotolewa mwaka 2023. Andikeni, pelekeni. Na kabla ya kupeleka, kaeni na wazee waliokata mkonge, muwaulize matita yalihesabiwaje na nani alishika kalamu.